Kwa Huduma, Bonyeza Moja

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, uliyekalia kiti pekee chenye mto, Ndugu Mhasibu Mkuu, mlinzi wa senti zetu sote, Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, wajumbe wa Kamati ya Nidhamu, ambao naona mmekaa safu moja hata leo, utadhani kuna mtu wa kuhukumiwa, walimu, wanafunzi wangu mliokuja kwa mapenzi, na nyie mliokuja kwa soda, wenzangu wa jikoni mliosimama mlangoni kwa sababu viti vilijaa mkiwa bado mnaosha masufuria, wewe mzee wangu, mume wangu, uliyevaa viatu vya harusi ya binti yetu na najua vinakubana, na wewe mgeni wangu mwenye miwani uliyekaa pembeni yake, ambaye nitakutambulisha wakati ukifika: habari za mchana.

Mshereheshaji amenipa dakika tano. Nimesimama nyuma ya kaunta ya mkahawa wa chuo hiki miaka thelathini na moja, na mmenipimia dakika tano, asanteni sana. Bahati nzuri saa ya ukumbi huu imesimama tangu mwaka juzi, kwa hiyo mimi nitaongea, yeye aendelee kuiangalia. Atakayeona nimezidisha aandike barua. Atajibiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi, kama barua zote za hapa.

Nimesikiliza sifa zenu tangu asubuhi, na nakiri nimeshtuka. Kumbe mlikuwa mnanipenda hivi! Miaka sita nimeomba feni moja ya jikoni, moja tu, nikadhani labda chuo hakinijui. Leo nasikia mimi ni nguzo, mimi ni hazina, mimi ni mama wa wote. Basi kama ningejua kustaafu kunaleta mapenzi kiasi hiki, ningestaafu nikiwa na miaka ishirini na tano.

Lakini sikuja kulalamikia feni. Nimekuja kuisifu Kadi.

Mnakumbuka miaka mitatu iliyopita, katika ukumbi huuhuu, tulipozindua Kadi? Kulikuwa na utepe. Kulikuwa na keki yenye umbo la kadi, ambayo sisi tulioioka hatukuionja. Mheshimiwa ulisimama hapahapa nilipo ukatuambia kwamba kuanzia leo kitambulisho cha mwanafunzi ndiyo pochi yake: mzazi anaweka pesa kabla, mtoto anagusisha kadi, anakula, anachapa kazi zake, anafua, hahangaiki tena. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mimi mwenyewe nilipelekwa mafunzo ya nusu siku, na katika hiyo nusu siku saa mbili zilikuwa za chai.

Sasa, kwa kuwa katika miaka mitatu hakuna aliyepata nafasi ya kuwaeleza wanafunzi na wazazi wao jinsi kadi hii inavyofanya kazi, maana wahusika wana shughuli nyingi, naomba mniruhusu mimi, mwuza wali, nieleze kwa dakika moja. Mtanisahihisha.

Kadi ni moja, lakini ndani ina mifuko mitatu. Upo Mfuko wa Milo: unanunua sahani kumi na nne za wiki, na usipozila, Jumapili jioni zinafutika. Zinakwenda wapi? Sijui. Sijawahi kumwona mtu aliyezila. Upo Mfuko wa Salio: hii ni pesa ya kawaida, unaitumia popote ndani ya chuo, inavuka muhula, lakini ukihitimu na ikabaki, kuidai ni safari nyingine. Halafu upo Mfuko wa Huduma: huu ni wa kuchapa karatasi, mashine za kufulia, na faini za maktaba. Pesa ya Huduma haili. Hata ukiwa na mamilioni mle ndani, haikupi kijiko cha maharage.

Na mzazi akitaka kuweka pesa kwa simu, anapata menyu safi kabisa, ya mistari mitatu. Kwa Huduma, bonyeza moja. Kwa Salio, bonyeza mbili. Kwa Milo, bonyeza tatu.

Niliwahi kuuliza kwa nini chakula kimewekwa mwisho. Nikajibiwa kwamba menyu imefuata mpangilio wa kusaini mikataba, na mkataba wa mashine za kuchapa ulisainiwa kwanza. Nikasema sawa. Tumbo lisubiri, halikuwahi kusaini mkataba.

Mwanzoni mwa muhula huu alikuja binti mmoja kwenye kaunta yangu, mwaka wa mwisho, mpole, anajipanga foleni hata pasipo na foleni. Akachukua sahani, akagusisha kadi. Kimashine kikalia tii-tii, taa nyekundu. Akagusisha tena. Nyekundu. Akairudisha sahani ikiwa bado inatoa moshi, akachukua glasi ya maji.

Nikamwuliza, "Vipi mwanangu?"

"Sina njaa, Shangazi."

Jamani, miaka thelathini na moja! Mtu mwenye njaa akiniambia hana njaa, mimi namjua hata akiwa amenipa mgongo. Nikaichukua kadi nikaisoma mwenyewe. Milo, sifuri. Salio, sifuri. Huduma: kurasa elfu tatu na mia mbili. Mtoto alikuwa na uwezo wa kuchapa maktaba nzima, na hakuwa na uwezo wa kula.

Nikampigia baba yake kwa simu ya mkahawa. Ni fundi saa. Ana kibanda cha kutengeneza saa, na ili kupata pesa ya chakula cha mtoto kwa muhula mzima alikuwa ameuza saa kubwa ya ukutani ya kibandani kwake, ile ambayo wateja walikuwa wakiiona kwa mbali wanajua hapa ndipo kwa fundi.

Nikamwuliza, "Kaka yangu, ulipotuma pesa ulibonyeza ngapi?"

"Moja, mama."

"Kwa nini moja?"

"Si ndiyo ya kwanza? Niliona maneno mengi, nikasema kitu cha kwanza lazima kiwe chakula. Hayo mengine yangefuata." Halafu akasema, "Kwani hajala?"

Mngemjibu nini?

Akasema, "Basi mama, nilikosea tu kubonyeza. Si watarekebisha?"

Nikamwambia ndiyo, kaka, watarekebisha. Niliamini. Mimi nami nina ujinga wangu.

Binti akaenda dirisha namba mbili. Wakampeleka namba nne. Namba nne wakampeleka kwa mwenye namba mbili, ambaye alikuwa ameshakwenda kula. Hapa naomba tuipongeze ofisi ya uhasibu kwa kuwafanyisha wanafunzi mazoezi ya viungo bila malipo. Mwishowe akajibiwa kwamba mfumo haukubali kuhamisha pesa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kama kuna dharura sana, basi aliyelipa afike mwenyewe, na simu ileile aliyolipia, na barua, na fomu yenye nakala tatu zilizochapwa. Kwa kuchapa, kwa kweli, hapo mtoto hakuwa na shida.

Baba yake anaishi safari ya siku mbili. Nauli ya kuja ilikuwa kubwa kuliko chakula chenyewe. Basi binti akakaa. Siku ya kwanza maji. Siku ya pili maji na chungwa nililodai limeoza upande mmoja. Lilikuwa zima, naomba jikoni mnisamehe.

Wiki ya pili akaja na mwenzake. Mwenzake ana tasnifu ya kurasa tisini na Huduma yake imekauka, ila ana sahani sita zinazokaribia kufutika Jumapili. Wakaangaliana. Wala hawakuhitaji fomu. Huyu akachapiwa tasnifu yake, yule akala sahani sita. Wiki iliyofuata wakaja wawili, wiki nyingine watano. Watu wakaanza kumwita binti wa fundi Bi Karatasi. Mnajua, Ndugu Mkuu wa Kompyuta, mfumo wenu uligharimu pesa ambazo sisi wa chini hatutajiwi idadi yake, na bado haukuweza kuhamisha pesa kutoka mfuko huu kwenda ule. Mabinti wawili wenye njaa wakaweza kwa kuangaliana tu.

Sasa tuje kwenye kamera. Ilifungwa mkahawani ili kukamata wezi wa vijiko. Vijiko vinaendelea kuibiwa kiroho safi, wiki hii vimeondoka kumi na vinane. Ila kamera haikukaa bure: ilimwona Bi Karatasi akila sahani zilizolipiwa kwa kadi za wenzake, na ukutani tumeandika kwa rangi nyekundu kwamba mwenye kadi ale mwenyewe. Ripoti inasema ametumia milo isiyo yake mara arobaini na moja. Wameiita wizi. Nauliza mimi nisiyesoma: wizi wa mali ya nani? Sahani zilishalipiwa. Wenyewe walizitoa kwa hiari yao, wakiona kwa macho yao. Wangezifuta Jumapili tusingeita wizi, tungeita utaratibu.

Akaandikiwa barua. Jumatatu saa tisa afike mbele ya Kamati ya Nidhamu, na adhabu inayopendekezwa ni kusimamishwa masomo mwaka mmoja. Mitihani yake ya mwisho inaanza baada ya wiki mbili. Mtoto wa fundi saa, aliyebakiza mitihani minne tu aondoke na shahada yake, arudi nyumbani akamwambie baba yake nini? Kwamba ulibonyeza moja?

Na msiniulize nimeyajuaje ya kikaoni. Anayepiga chapa kumbukumbu zenu anakula kwangu. Najua pia kwamba mjumbe mmoja alisema, na imeandikwa, kwamba mtu yeyote mwenye akili timamu hawezi kukosea menyu ya mistari mitatu. Sitamtaja. Anajijua, na amevaa tai ya bluu.

Wajumbe wa Kamati, naona mnaandika. Andikeni na hili. Ile mikono inayoonekana kwenye kamera ikipokea kadi ya huyu na kumpa sahani yule, mara arobaini na moja, ni hii hapa. Huyo binti hakunidanganya. Nilijua kila siku. Ningeweza kukataa, na nilisoma maandishi ya ukutani vizuri sana kwa sababu mimi ndiye niliyeyapaka rangi. Kwa hiyo Jumatatu kama kuna mshtakiwa wa kwanza, ni mimi. Nifukuzeni kazi. Ila mfanye haraka, maana nilistaafu leo saa sita.

Hebu tuliache hilo, tusiharibu sherehe. Tuongee zawadi.

Leo saa nne asubuhi mlinipa zawadi yangu, tukapiga na picha. Ni kadi. Imeandikwa "Mstaafu wa Heshima", na picha yangu wameichagua ile niliyofumba macho. Ndugu Mhasibu Mkuu, kwa ukarimu ambao sikuwahi kuushuku, alitoa simu yake mwenyewe mbele yetu, akaweka pesa waliyochanga wafanyakazi wote, akaniambia, "Mama, utakula hapa mwaka mzima mpaka utuchoke." Nikalia. Walioniona wanajua nililia kweli.

Saa sita nikamchukua mzee wangu na mgeni wangu, nikawaambia leo mimi ndiye mteja. Mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja nasimama upande ule wa kaunta! Nikachukua wali, maharage na mboga, sahani tatu. Nikatoa kadi yangu ya heshima, nikaigusisha kwa mbwembwe.

Tii-tii. Nyekundu.

Mwenzangu aliyechukua nafasi yangu akaangalia, akaangalia tena, akaninong'oneza, "Dada, haina chakula."

"Haina vipi?"

"Ina kurasa. Kurasa elfu nne."

Mume wangu, ambaye kwa kawaida haongei, akasema, "Basi tuulize kama wanaweza kufua hili koti."

Cheka tu, Mheshimiwa, mimi nilishacheka. Kimashine chenyewe hiki hapa, nimekiazima kaunta, nimekibeba kwenye mkoba kama lipstiki. Kadi hii. Sikilizeni wenyewe.

Mmesikia? Nyekundu, mbele ya umma.

Ndugu Mhasibu Mkuu, sikutakii ubaya. Nauliza tu kama nilivyomwuliza yule mwingine. Ulibonyeza ngapi? Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie. Moja. Asante. Na kwa nini moja? Hebu rudia. "Nilikosea tu kubonyeza."

Nilikosea tu kubonyeza.

Ndugu zangu, mgeni wangu, yule bwana mwenye miwani, ndiye fundi saa. Amekopa nauli, amesafiri siku mbili, ili Jumatatu asimwache mwanawe peke yake. Maneno hayo aliniambia yeye, wiki saba zilizopita, neno kwa neno. Yeye akaambiwa alete barua na nakala tatu. Wewe, Ndugu Mhasibu, tutakuomba nini? Akili yako ni timamu, na kumbukumbu zinasema mwenye akili timamu hakosei.

Ona, Mkuu wa Kompyuta ameshafungua kompyuta yake, hata sijamaliza kusema. Anabonyeza. Anahamisha. Huduma kwenda Milo. Tumpe utulivu, anafanya kitu ambacho mfumo haukubali.

Tayari? Haikufika hata dakika mbili. Nagusisha.

Tii moja. Kijani.

Usiifunge hiyo kompyuta. Bi Karatasi, njoo mwanangu, pita hapa katikati, usiogope viti vya wakubwa. Na wewe kaka, simama, inua simu yako juu. Aliyelipa huyu hapa mwenyewe, simu ileile hiyo hapo, na barua ya maombi na ile fomu ya nakala tatu ninazo mimi kwenye mkoba, zilichapwa siku nyingi. Ndugu Mkuu wa Kompyuta, usiniangalie mimi, wala usimwangalie mwenye tai. Bonyeza.

Nipe kadi yako, binti. Tuigusishe pamoja, mkono juu ya mkono.

Kijani. Weee! Pigeni makofi, hapa ndipo pa kupiga makofi, si pale kwenye utepe. Kaa hapohapo mama, lia tu, nami nalia. Fundi, mwanao leo anakula chakula ulichomlipia.

Imebaki ile barua ya nidhamu. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, mimi sina cheo cha kukuamuru, na kuanzia saa sita sina hata aproni. Barua ya binti ni hii, ina saini yako. Sikuombi hotuba wala ahadi, na usiniambie Jumatatu tutalizungumza, maana Jumatatu mimi sipo. Nakurudishia tu mkononi. Ukiona kilichomkuta Mhasibu wako ni kosa la kubonyeza na kilichomkuta fundi saa ni kosa la nidhamu, mpe binti barua yake tena hapa hapa, tukuone.

Anaisoma. Tumsubiri, saa imesimama.

Mheshimiwa ameikunja mara nne. Hajairudisha. Ameiweka kwenye mfuko wa koti, wa kushoto, wa ndani, na amefunga kifungo. Wote mmeuona huo mfuko. Ndio mfuko wa kwanza chuoni hapa ambao haukuhitaji maelezo.

Nawashukuru kwa miaka thelathini na moja, kwa machozi ya asubuhi, na kwa kunivumilia mpaka wali umepoa. Sasa mnisamehe nishuke, nina wageni watatu wa kuwalisha, na leo, jamani, kadi yangu inakula.